Viatu Kwenye Foleni ya Treni

Siku niliyoacha kazi nilikaa kwenye reli. Nasema reli, lakini msifikirie reli ya kwenda Mwanza. Ni vyuma viwili vilivyozungushwa kwenye uwanja wa bustani ya watoto, mtoto akilala katikati yake kichwa kinatokeza huku na miguu inatokeza kule. Treni yenyewe ina kichwa chenye injini ya pikipiki na mabehewa matatu, kila behewa watoto wawili. Basi nikakaa hapo katikati na sare yangu ya kazi, firimbi mdomoni, nikapuliza mpaka dereva akazima injini. Ilikuwa saa tano asubuhi, siku ya pili ya Krismasi, watu wamejaa mpaka nje ya geti.

Sababu ni kwamba meneja alikuwa ameshika ufagio anafagia viatu vya watu kutoka kwenye foleni. Kiatu cha tisa kilikuwa cha mwanangu.

"Mama Minza, toka hapo," akasema. "Unatutia aibu mbele ya wageni."

"Rudisha viatu kama vilivyokuwa."

"Toka kwanza."

"Rudisha kwanza."

Nawaandikia nyie wawili mliochukua nafasi yangu. Majina yenu siyajui. Niliwaona Jumapili nikipita na bajaji, mmesimama mmoja huku mwingine kule, mmekunja mikono. Nikajua hakuna aliyewafundisha, maana aliyefundishwa kazi ile hana mkono wa kukunja. Mtaambiwa niliondoka kwa kiburi. Wengine watasema nilipozaa kichwa kiliharibika. Someni kwanza haya, halafu mchague la kuamini.

Nilianza miaka saba iliyopita, nimetoka kumaliza kidato cha nne, nimevaa viatu vya kisigino kwa sababu niliambiwa ni kazi ya kupokea wageni. Bustani yetu hapa Bariadi ilikuwa mpya. Bembea nne, jumba la kurukia la kujazwa upepo, na treni. Treni ndiyo ilikuwa inaleta watu. Walikuwa wanatoka Itilima, Maswa, Busega, familia nzima kwenye fuso moja, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanateleza. Mimi nikawekwa foleni ya treni chini ya Mzee Masunga.

Mzee Masunga alikuwa amekaa juu ya kreti la soda. Nikamwinamia kidogo, "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Vua hivyo viatu."

"Nivue?"

"Utavunjika mguu saa nne, na mimi sina mtu wa kukubeba."

Kisha akaenda kunywa chai akaniachia foleni kwa dakika kumi. Nikaangalia. Watu kama kumi na mmoja wamesimama, na katikati yao, pale chini, viatu vimezagaa kimoja kimoja. Yeboyebo, kandambili, katambuga za tairi, kiatu cha shule kisicho na kamba. Mimi nimekulia Ipililo. Ndoo kupanga foleni kisimani naijua, kadi za kliniki kupangwa kwenye benchi naijua. Lakini kiatu bustanini? Nikajua watoto wamesahau. Na kwa kuwa nilitaka kuonekana mchapakazi siku ya kwanza, nikaviokota vyote, nikavipanga vizuri ukutani, vidogo mbele vikubwa nyuma. Vilipendeza.

Jamani, yaliyofuata. Kina mama walitoka kwenye banda la soda wakipiga kelele kama wameona moto. Mmoja akanishika mkono, "Bebe! We msichana! Nani kakutuma uniondoe?" Nikamwambia sijamwondoa mtu, nimeondoa kiatu. Akawageukia wenzake, "Mmemsikia? Anasema hajaniondoa!" Watu waliokuwa wamesimama nyuma wakajisogeza mbele haraka haraka, waliokuwa wameweka viatu wakaanza kuwavuta mashati, na watoto ambao hawakuwa na kosa lolote wakaanza kulia.

Mzee Masunga akarudi na kikombe mkononi. Hakupiga kelele. Akaenda ukutani, akaanza kuviokota kimoja kimoja na kuvirudisha. "Katambuga iliyoliwa kisigino, yule baba wa Mwamapalala, alikuwa nyuma ya huyu dada mwenye kitenge cha njano. Yeboyebo ya bluu, huyu mayu, huyu mama mwenye mjukuu wa kiume. Kandambili yenye pini..." Alivirudisha vyote kumi na vitatu na hakuna aliyebisha hata kimoja. Halafu akanigeukia, "Foleni ilikuwa na watu wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Ishirini na wanne."

Mzee huyu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mzani wa pamba. Aliniambia kule gunia lilikuwa linapanga foleni siku mbili, mwenyewe yuko nyumbani anakamua ng'ombe, na hakuna aliyeligusa. "Gunia likiwa kwenye foleni siyo mzigo," akasema. "Ni mtu. Na hapa kiatu ni mtu. Ukikitupa umemtupa mwenyewe." Tangu siku hiyo sikuvaa tena kisigino kazini.

Vifaa vya kazi yetu ni vinne, na kama hawajawapa vyote, daini. Firimbi. Kamba ya katani yenye mafundo, ya kushikia mkono wa kushoto, fundo moja nafasi moja. Chaki, kwa ajili ya kuchora mstari chini asubuhi kabla umande haujakauka, maana ukichora mchana upepo unafuta. Na ndoo ya maji ya kunywa, kwa sababu nusu ya ugomvi wa foleni ni kiu. Kuna sheria pia, ambazo Mzee Masunga alizitengeneza kila moja baada ya ugomvi wake. Kiatu cha kulia tu. Hii ilikuja baada ya bwana mmoja kuweka cha kulia na cha kushoto akadai nafasi mbili. Kiatu kimoja, mtoto mmoja. Mwenye kiatu akae mahali firimbi inasikika. Ikilia mara tatu hajafika, kiatu kinarudishwa nyuma nafasi tano, lakini hakitolewi. Hakitolewi kamwe.

Mshahara sitauongelea. Haukuwa na cha kuongelewa.

Sasa kazi ngumu. Kazi ngumu siyo watoto. Mtoto akiambiwa subiri anasubiri huku analia, lakini anasubiri. Kazi ngumu ni watu wazima wawili ambao kila mmoja ana adabu yake, na kila mmoja anaamini mwenzake hakulelewa.

Chukueni dada mmoja aliyekuja likizo kutoka Dar, miwani ya jua, mtoto amevaa soksi nyeupe. Alifika akaviangalia vile viatu akaniuliza, "Samahani dada, hivi viatu vinasubiri treni ya kwenda wapi?" Watu wakacheka, hata mimi. Nikamweleza. Akakishika kimoja kwa vidole viwili kama ameshika panya, akakiweka pembeni, akasimama yeye. "Mimi nimesimama, kiatu kimelala. Nani yupo hapa?"

Mwenye kiatu, mama mtu mzima, akajibu kutoka kwenye kivuli bila kunyanyuka, "Mwanangu, hicho kiatu kimetoka nyumbani wewe hujaamka."

"Ungekuja mwenyewe basi!"

"Nimekuja. Umenishika kwa vidole viwili."

Yule dada alikuwa na lingine tena. Alikuwa anaacha nafasi, hatua mbili nzima kati yake na mtu wa mbele, kwa sababu kwake kumpumulia mtu mgongoni ni utovu wa adabu. Huku kwetu ukiacha hatua mbili umetangaza kwamba foleni imeishia hapo. Kila baada ya dakika mtu anafika, anaona pengo, anaingia. Kila akiingia dada anaruka, "Kaka! Hunioni?" Na kaka wa watu anashangaa kweli, "Nimekuona, nikadhani unamsubiri mtu." Kufika saa nane watu saba walikuwa wameingia mbele yake na amewaita wote washenzi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mshenzi. Nilimpa fundo moja la kamba ashikilie mkononi, jingine nikampa wa mbele yake, ili watu waone wameunganishwa. Jaribuni. Inafanya kazi.

Kuna la kusalimia. Binti aliyeolewa karibuni yuko kwenye foleni, anatokea mzee wa ukweni anapita. Binti anapiga goti pale pale, "Mwadila, baba." Mzee haishii kwenye mwadila, anauliza ng'ombe, mvua, mtoto wa fulani. Binti bado yuko chini. Aliye nyuma yake, wa mjini, anaona mtu amechuchumaa, anadhani anafunga kiatu au anaumwa, anampita. Binti akinyanyuka yupo nafasi ya tatu nyuma, na hawezi kugomba kwa sababu mzee bado anaangalia. Anakuja kwangu analengwa na machozi. Kwa hiyo sheria nyingine hiyo: anayesalimia hajatoka kwenye foleni, hata akiwa ardhini.

Lakini iliyonisumbua mwaka mzima ni ya mkwe. Kulikuwa na baba mmoja kutoka Mkula, mtu mpole, alisimama vizuri na binti yake wa miaka mitano, wamebakiza nafasi tatu. Ghafla akachomoka, akakimbia mpaka nyuma ya choo. Binti akabaki peke yake. Nikadhani tumbo. Kumbe mama mkwe wake naye alikuwa amekuja na wajukuu wengine, akajipanga nyuma yake bila kumwona. Mnajua kwetu mkwe na mkwe hawagusani, wengine hata kutazamana ni shida, sembuse kusimama bega kwa bega mnasukumwa na watu hamsini. Baada ya robo saa baba akarudi kinyumenyume, uso ameugeuzia upande wa pili, anataka kumshika mtoto mkono. Kijana mmoja wa hapa mjini akamkamata kola. "Mzee, foleni inaanzia nyuma! Unajificha chooni halafu unarudi mbele?"

Baba wa watu anashindwa kujieleza. Ataanzaje kusema mkwe wangu yule pale, wakati mkwe mwenyewe anasikia? Mama mkwe naye ameshamwona, amejifunika khanga mpaka usoni, anataka kuondoka, wajukuu wanamng'ang'ania. Nikauliza mara tatu, "Baba, tatizo nini?" Yeye anaangalia angani tu. Mzee Masunga ndiye aliyeelewa. Akachukua kreti lake, akaliweka katikati yao wawili, akakaa juu yake kama ukuta. "Haya," akasema, "endeleeni." Foleni ikasogea, na kreti likasogea, mpaka wote wakawapandisha watoto wao. Yule kijana akaniuliza, "Sasa huyu mzee naye anasubiri treni?" Nikamwambia ndiyo, anapenda sana treni. Nilichoka kueleza.

Na msiniambie watu wa vijijini ndio wenye matatizo tu, wala wa mjini tu. Wote walinimaliza. Kuna mfugaji alikuja na watoto tisa. Nikamwambia treni inabeba sita, watatu watasubiri zamu inayofuata. Akakataa kabisa. "Ng'ombe za mtu mmoja hazigawanywi lamboni," akasema. "Zinakunywa zote, ndipo zinakuja za mwingine." Nikamwambia hawa siyo ng'ombe, baba. "Najua siyo ng'ombe. Ng'ombe wangekuwa wameshakunywa." Halafu kiatu kimoja mtoto mmoja, na watoto wake sita walikuja peku. Alivua chake, akamvua mke, akamvua dereva wa fuso, akawavua abiria wenzake. Mpaka saa saba fuso zima lilikuwa linatembea limevaa mguu mmoja.

Mwaka wa tatu nikamzaa Minza. Nilirudi kazini ana miezi minne, nikamnyonyesha nyuma ya banda la tiketi, na Mzee Masunga akawa anashika kamba yangu na yake. Alipoacha ziwa nikampeleka Ipililo kwa mama yangu, kwa sababu kazi hii siku zake ni sikukuu, na sikukuu ndizo siku mtoto anamtaka mama yake. Kila Pasaka, kila Idi, kila Krismasi nilikuwa napandisha watoto wa watu kwenye treni. Wa kwangu alikuwa anaisikia kwenye simu. "Mama, inalia?" Nampelekea simu karibu na injini. "Umesikia?" "Nimesikia. Mimi lini?"

Mzee Masunga magoti yalimshinda, akarudi kwao Mkula. Badala yake tukaletewa meneja. Sitamtaja jina. Ni kijana nadhifu, shati limenyooka, na siyo mtu mbaya ukimkuta mahali ambapo hakuna foleni. Lakini alikuwa anapiga picha za bustani anaziweka mtandaoni, na viatu vilikuwa vinamharibia picha. "Hapa panaonekana msibani," akaniambia. "Mtu akiona viatu vimejaa hivi anajua kuna maiti ndani."

Nikamweleza. Nikamweleza gunia, ndoo, kadi za kliniki. Nikamweleza kwamba kuna bibi anayetoka Mwamapalala na mguu mbovu, hawezi kusimama saa mbili, na kiatu chake ndicho kinamsimamia. Akanisikiliza mpaka mwisho, nikadhani ameelewa. Kesho yake akaleta kibao kimechapwa herufi nyekundu: ASIYEPO HANA NAFASI. Akakipigilia juu ya kichwa changu.

Watu wengi waliokuja na viatu hawakukisoma, na waliokisoma hawakuona kinawahusu. Walikuwepo. Viatu vyao si hivyo hapo? Nami nikaendelea na utaratibu wa zamani, kibao kikining'inia. Miezi mitano tukaenda hivyo. Meneja akija naviweka viatu pembeni, akiondoka navirudisha kama vilivyokuwa. Naandika hili mjue sikuwa malaika.

Krismasi hii mama alinipigia simu. "Kabula, mtoto namleta. Siwezi kumdanganya tena." Siku ya pili ya sikukuu wakafika saa mbili asubuhi, Minza amevaa gauni la rangi ya machungwa na yeboyebo mpya, amesukwa mpaka macho yamevutika. Ana miaka minne. Hakunisalimia, alienda moja kwa moja kwenye uzio akaangalia treni imesimama.

Mama akaniuliza, "Si utampandisha tu sasa hivi kabla watu hawajajaa?"

Hapa ndipo ninapojichukia. Ningeweza. Dereva alikuwepo, injini ipo, watu wa kwanza ndio walikuwa wanaanza kupanga. Lakini miaka saba nilikuwa nawakatalia watoto wa wakubwa, wageni wa mwenye bustani, marafiki wa meneja, kwa maneno yale yale: nenda kapange. Nikamwambia mama yangu mzazi, "Wekeni kiatu kama watu wengine." Mama akanitazama. Akamvua Minza yeboyebo ya kulia, akaiweka chini nyuma ya kile cha bibi wa Mwamapalala, wakaenda kukaa kwenye banda la soda. Minza akawa wa tisa.

Treni ilichelewa kuanza, maana kwenye tangi palikuwa na mafuta ya mzunguko mmoja tu, na mengine yalikuwa hayajaletwa. Saa nne na nusu yakaja, dereva akaanza kuipasha injini moto. Saa tano kasoro, kabla hata wa kwanza hajapanda, likaingia gari la wageni wa meneja, watoto watano, na kamera. Nikajua wanataka kupanda kwanza. Meneja akaja na ufagio wa makuti. Sikuamini kama atafanya mbele ya watu. Alianzia mbele, anasukuma taratibu kama mtu anayefagia majani, huku anaongea na wageni wake, anacheka. Katambuga, kandambili, kiatu cha bibi. Halafu ikaja ile yeboyebo mpya, ikapinduka mara mbili, ikaingia mtaroni kwenye maji machafu.

Minza alikuwa ameshakimbilia kwenye uzio, ameona. Hakulia. Alisema kwa sauti kubwa, "Mama, wamenitoa."

Hapo ndipo nilipokaa kwenye reli.

Mengine huenda mliyasikia. Wenye viatu walikuja, kila mtu anatafuta chake mtaroni na kwenye vumbi. Wa mjini waliokuwa wamesimama wakagawanyika, wengine wanasema meneja ana haki, kibao si kipo, wengine wanasema hata kama, huwezi kumfagia mtu. Wageni wa meneja wakashusha kamera. Naye akachuchumaa karibu yangu, akashusha sauti.

"Mama Minza. Yule ni mwanao, sivyo? Sikujua. Wallahi sikujua. Ngoja tufanye hivi: anapanda sasa hivi, na wageni wangu, treni moja. Wewe unanyanyuka. Yanaisha."

Nilimwangalia Minza. Alikuwa na mguu mmoja peku, ameshika uzio kwa mikono miwili, na alikuwa amesikia. Jamani, mtoto alisikia kila neno.

"Kuna wanane mbele yake," nikasema.

"Achana na wanane!"

"Wapande wanane, ndipo yeye."

"Basi hapandi mtu," akasema, akanyanyuka, akamwambia dereva atoe plagi. Treni haikutembea kabisa siku ile. Kuna walionishukuru, kuna walionitukana kwa sababu watoto wao walikuwa wamesimama tangu asubuhi bila kiatu chochote chini na wamekosa kwa ajili yangu. Hao nao wana haki ya kunitukana. Nilivua sare pale pale, nikabaki na fulana, sare nikaiweka juu ya kichwa cha treni.

Njia nzima mpaka stendi Minza alishika mkono wa bibi yake, wangu aliukataa. Mama yangu alisema neno moja tu, "Kabula, angepanda tu." Wakaondoka Ipililo na fuso la saa tisa.

Siku tatu baadaye nikampigia Mzee Masunga. Alicheka kwanza. "Umekaa kwenye reli? Mimi niliwahi kukaa juu ya mzani. Waliniinua na kupima uzito wangu." Halafu akaacha kucheka. "Wa kwanza alikuwa nani?"

Nikamtajia. Akauliza wa pili, wa tatu, mpaka wa tisa, nikamtajia wote kwa viatu vyao.

"Sasa unalia nini na mimi kwenye simu?" akasema. "Andika upeleke."

Nikaandika kwa mkono, kurasa mbili, nikatoa nakala. Nikapeleka kwa mwenye bustani mwenyewe, ofisini kwake nyuma ya duka lake la mabati. Katibu wake akaniambia bila kuinua kichwa, "Maombi ya kazi weka kwenye lile boksi."

"Ni malalamiko."

"Boksi ni hilo hilo."

"Naomba muhuri kwenye nakala yangu."

Ndipo akainua kichwa. Akasoma ukurasa wa kwanza, akaniangalia miguuni sijui kwa nini, akagonga muhuri. Hii ndiyo barua yenyewe, nimetoa anwani tu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUFAGIWA KWA WATU KWENYE FOLENI YA TRENI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi nilikuwa msimamizi wa foleni ya treni ya watoto katika bustani yako kwa miaka saba. Siku ya pili ya Krismasi, saa tano asubuhi, meneja wako alifagia viatu kumi na tisa vilivyokuwa kwenye foleni. Kila kiatu kilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa ndani ya bustani, mahali ambapo firimbi inasikika. Wateja hao walitoka Itilima, Maswa na Busega. Hawakukosea. Walipanga foleni kama wanavyopanga tangu bustani ifunguliwe, na hakuna aliyewaambia kwa mdomo kwamba utaratibu umebadilika. Kibao si mdomo.

Silalamiki kuhusu kuondoka kwangu. Sihitaji kurudishwa kazini, na wasichana uliowaweka usiwaguse, hawana kosa.

Naomba mambo matatu. Kwanza, kibao kishushwe. Kama hutaki viatu, weka benchi na uwape watu namba, lakini mtu mwenye mguu mbovu asilazimishwe kusimama saa mbili. Pili, meneja awaombe radhi wateja hao pale pale kwenye foleni, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Kama Kisukuma hajui, atafute wa kumtafsiria. Tatu, wenye viatu kumi na tisa waitwe siku moja na wapande kwa mpangilio waliokuwa nao. Mpangilio ninao, nimeuambatanisha. Wa kwanza ni mtoto wa baba mwenye katambuga iliyofungwa waya. Wa nane ni mjukuu wa bibi wa Mwamapalala. Wa tisa ni mwanangu, Minza, wa Ipililo.

Meneja wako alinipa nafasi ya kumpandisha mwanangu peke yake kati ya hao, na nilikataa, mtoto mwenyewe akisikia. Ana miaka minne na hajanisamehe. Kwa hiyo usinitumie ujumbe kwamba nimlete tu siku yoyote apande bure, yaishe. Simleti. Waite hao wanane kwanza. Wakishapanda, nipigie, na nitamleta siku hiyo hiyo.

Naomba jibu la maandishi.